Rilei ya Tor nyumbani Kisauni haifikiki kutoka nje: naomba ushauri

Mkaazi_Kisauni:

Assalaam aleikum wanajamvi. Kwa wiki mbili sasa nimekuwa nikihangaika kuanzisha rilei ya mtandao wa Tor, yaani mtambo wa kupitisha mawasiliano ya watumiaji wake, hapa nyumbani Kisauni, Mombasa, na nimefika mahali ambapo nahitaji macho ya watu wengine. Nimeutumia mtandao huu kwa miaka mingi, nikipitia mitambo ya watu nisiowajua, wanaojitolea umeme na intaneti yao ili mtu wa mbali apate kusoma na kuandika bila kufuatiliwa. Nyaya za baharini za SEACOM, TEAMS na EASSy zinatua pwani yetu hii hii, ilhali sehemu kubwa ya rilei za Tor iko Ulaya na Marekani Kaskazini, na nimeona ni wajibu wangu kurudisha angalau kidogo cha nilichopokea.

Mtambo ninaotumia ni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4, umeunganishwa kwa waya kwenye ruta ya faiba. Laini yetu ina kasi ya megabiti 20 kwa sekunde, na tunaitumia watu sita. Katika torrc, faili ya mipangilio ya Tor, nimeweka ORPort 9001 (poti ya kupokelea miunganisho) na ExitRelay 0, kwa sababu sitaki trafiki ya watu itokee kwenye tovuti ikiwa na anwani yangu. Kwenye ruta nimefungua poti 9001 na kuielekeza kwenye anwani ya Pi, yaani 192.168.1.20. Programu inawaka vizuri na kujiunga na mtandao hadi asilimia 100, lakini kila baada ya dakika 20 hivi inaandika kwamba imeshindwa kuthibitisha kuwa ORPort inafikika kutoka nje, na kwamba haitatangaza taarifa zake mpaka ifikike. Nimezima faiyawoli ya Pi kwa muda ili kupima, na hali haikubadilika. Nimeiandika torrc upya mara tatu. Je, kosa liko wapi?

Fundi_wa_Tudor:

Wa aleikum salaam, kaka. Usiiguse torrc tena, kwa maelezo yako haina kosa. Rilei inayojiunga hadi asilimia 100 ina njia ya kutoka, na kinachokosekana ni njia ya kuingia. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, uangalie anwani ya IP ambayo ruta yenyewe imepewa na kampuni ya intaneti, kisha uilinganishe na anwani ambayo Tor imeiandika katika kumbukumbu zake. Mbili hizo zikitofautiana, utakuwa umeshalijua tatizo.

Mkaazi_Kisauni:

Zinatofautiana. Ile ya kwenye ruta inaanza na 100.72, na ile iliyoandikwa na Tor ni nyingine kabisa.

Fundi_wa_Tudor:

Basi ndilo hilo. Anwani zote kuanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kampuni za intaneti zinazowapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, kwa kuwa anwani za IPv4, yaani za mfumo wa zamani, zimekuwa adimu. Hali yako ni kama ya mpangaji katika jengo lenye lango moja kuu. Umeacha mlango wa chumba chako wazi, lakini mgeni anafika langoni na bawabu hajui ampeleke chumba gani, basi anamrudisha. Hakuna utakalobadilisha katika ruta yako litakalofungua lango hilo, kwani funguo ziko kwa kampuni. IPv6, mfumo mpya wa anwani, nayo haitakuokoa, maana rilei ya Tor ni lazima ifikike kwa IPv4.

Piga simu huduma kwa wateja uombe anwani ya IP ya umma iliyo yako peke yako. Kampuni nyingi hutoa kwa malipo ya ziada kila mwezi. Ukishindwa, endesha Snowflake, programu nyepesi ya Tor ambayo inafanya kazi hata nyuma ya lango la aina hiyo bila kufungua poti yoyote, na inawasaidia watu walioko katika nchi zinazoifungia Tor. Wako wanaoidharau kwa sababu inawaka kwa urahisi, nami siafikiani nao hata kidogo, kwa sababu aliyefungiwa hajali kama njia iliyomfikisha ilikuwa rahisi au ngumu kwa mwenye kuitoa.

Binti_Kibokoni:

Samahani kuingilia, kaka yangu. Kabla hujalipia anwani hiyo, fikiria wale watu watano wengine walioko nyumbani. Orodha ya rilei za Tor ni ya umma, na kila mtu anaweza kuipakua pamoja na anwani zake. Baadhi ya tovuti huzuia anwani zote zilizomo, bila kujali kwamba rilei yako ni ya katikati na wala haitoi trafiki nje. Niliendesha rilei ya katikati kwetu kwa miezi minne, na mwezi wa pili mama akaanza kukataliwa kuingia katika akaunti yake ya benki kupitia laini ya nyumbani. Alidhani amedukuliwa. Nilimweleza, akanielewa, lakini sikuona haki yeye abebe gharama ya jambo nililoliamua mimi.

Ushauri wangu ni kwamba uendeshe daraja, yaani rilei ya siri ya kuingilia Tor, badala ya rilei ya kawaida. Madaraja hayamo katika orodha ya umma, na hupewa watumiaji wachache wachache, wale ambao Tor ya kawaida imezuiwa kwao. Halihitaji hata kasi kubwa: rilei hutakiwa iwe na megabiti 10 kwa sekunde kwa uchache, na iweze kubeba miunganisho 7,000 kwa wakati mmoja, mzigo ambao ruta nyingi za nyumbani huzidiwa nao, lakini daraja linatosheka na megabiti moja. Na una bahati moja ambayo mimi sikuwa nayo. Kwa kuwa rilei yako haijawahi kuthibitishwa, haijatangazwa, na ukipata anwani mpya itakuwa safi kabisa. Utaweka BridgeRelay 1 pamoja na programu ya obfs4, inayoifanya trafiki isitambulike kwa urahisi kuwa ni ya Tor, na ninakuomba usitumie poti 9001, kwa kuwa wenye kuzuia wanaijua na huanza nayo wanapotafuta.

Msafiri_Likoni:

Ninaunga mkono la daraja. Nitaongeza tu kwamba usome mkataba wako wa intaneti, kwa sababu mikataba mingine ya nyumbani inakataza kuendesha seva, na ni heri ulijue hilo kabla ya kulipa.

Mkaazi_Kisauni:

Ninawashukuru sana. Mkataba haukatazi. Nimelipia anwani ya umma, na tangu jana ruta inaonyesha anwani ile ile inayoonekana nje. Nimefuta mipangilio ya rilei pamoja na funguo zake, nikaweka daraja kwa poti mbili mpya na kuzielekeza zote mbili kwenye 192.168.1.20. Hata hivyo bado haifikiki. Umeme ulikatika mtaani kwa saa nne juzi usiku, na tangu uliporudi programu inalalamika pia kuhusu saa. Nimevunjika moyo, kwa kweli.

Fundi_wa_Tudor:

Usivunjike moyo, kaka, lango kuu limeshafunguka na yaliyobaki ni ya ndani ya nyumba yako. Malalamiko ya saa yanaeleweka: Pi 4 haina betri ya kutunza saa, hivyo umeme ukikatika kwa saa nne, ikiwaka tena inadhani bado ni wakati ule ule iliozimika. Tor hutegemea orodha ya mtandao inayotolewa upya kila saa moja, na saa iliyochelewa kiasi hicho inaivuruga. Hakikisha huduma ya kulinganisha saa kupitia intaneti inawaka, kisha uianzishe Tor upya. Ukiweza, nunua kile kipande kidogo cha saa chenye betri, kwa sababu umeme utakatika tena.

La pili ni dhana yangu tu, lakini iangalie: andika hostname -I kwenye Pi uone kama bado ina anwani .20.

Mkaazi_Kisauni:

Ni .24! Ruta iligawa anwani upya baada ya umeme kurudi, nami siku zote hizi nimekuwa nikielekeza poti kwenye anwani isiyo na mtu. Nimeifunga Pi kwenye .20 kwa kutumia namba ya kadi yake ya mtandao, nikarekebisha saa na kuwasha upya. Dakika chache baada ya swala ya Isha ujumbe niliousubiri kwa wiki mbili ukatokea: ORPort inafikika kutoka nje, taarifa zinatangazwa. Nilimwita mke wangu aje ausome.

Sasa swali langu la mwisho. Ni siku ya tatu, na hakuna mtu hata mmoja aliyepita. Je, kuna kosa jingine?

Binti_Kibokoni:

Hongera sana, kaka, na salamu kwa shemeji. Hakuna kosa. Daraja jipya huchukua siku, pengine wiki kadhaa, kabla ya kugawiwa kwa watu, na mengine huwekwa akiba kwa ajili ya siku ambayo yale yaliyopo yatagunduliwa na kuzuiwa. Usilizime wala usilibadilishe anwani kwa kukosa subira, kwa sababu aliyepewa anwani yako ataitegemea. Kila baada ya saa 6 Tor huandika ujumbe mfupi wa hali yake, na humo utaona idadi ya wateja waliopita.

Mkaazi_Kisauni:

Narudi baada ya siku kumi na tisa. Ujumbe wa alfajiri ya leo unasema wamepita wateja watatu katika saa 6. Sijui ni akina nani wala wako wapi, na daraja limejengwa hivyo kusudi. Nimeshaagiza kile kipande cha saa chenye betri.