Mrejesho: ramani ya pamoja kwa vikosi vya nchi tofauti

Wakuu, niliuliza kama ATAK, programu ya simu za Android inayoonyesha kwenye ramani moja kila mtu yuko wapi, inafaa kwa zoezi la pamoja la majeshi ya nchi kadhaa, kila jeshi na redio zake. Asanteni kwa majibu. Tumejaribu toleo la kiraia.

Simu hazikusumbua. Kila kifaa hutuma ujumbe wa Cursor on Target, maandishi mafupi ya kompyuta (XML) yanayosema wewe ni nani, uko wapi, na taarifa hiyo itapitwa na wakati saa ngapi. Hapo mwisho ndipo penye kazi. Mtandao ukikatika, alama ya kikosi hubaki pale ilipoonekana mara ya mwisho, na muda wake ukipita hugeuka kijivu tu. Afisa mwenye haraka anaweza kudhani kikosi bado kipo. Tumekubaliana muda mfupi kwa magari, mrefu kwa vituo.

Nani aone nini, hilo ni gumu kuliko programu yenyewe. Tumependekeza kila nchi iwe na seva yake, ziunganishwe, kila upande uchague makundi ya kushirikisha. Wanasheria bado wanabishana.

Aliyesema tukague kama kila simu imewekwa gridi ya MGRS (mfumo wa kijeshi wa kutaja mahali kwa miraba ya ramani), heshima kwako mkuu: baadhi walikuwa wanasoma latitudo na longitudo.