Kilimo hai kwenye kichanga cha Kongwa: inawezekana au tunadanganyana?

Mkulima_Mpole: Wakuu, nina ekari nne Kongwa, kichanga kitupu. Mdogo wangu kanikomalia niache urea, nilime mahindi kwa samadi tu. Mvua zenyewe mnazijua, Desemba hadi Aprili, na katikati zinakata wiki mbili tatu. Samadi itabeba mahindi?

Bibi_Jembe: Inabeba, ila iwe imeoza vizuri. Ukimwaga mbichi halafu mvua ikakata, miche inaungua. Na kichanga hakishiki kitu: mvua kubwa ya siku mbili tu, hiyo urea yako imeshazama mizizi isikofika. Samadi angalau inashika unyevu. Ila nyie wa Dodoma mmekalia samadi mazizini maisha yenu yote, kutwa kulilia ruzuku!

Mgogo_Halisi: Mama, "nyie" ndio akina nani? Ng'ombe wana wenyewe. Mimi sina hata mbuzi. Mwaka jana mkokoteni mmoja nimelipa elfu kumi na tano, nusu yake mchanga.

Bibi_Jembe: Hapo ulipigwa, baba.

Mtu_wa_Takwimu: Sri Lanka walipiga marufuku mbolea za viwandani 2022, wakaona cha moto. Mjadala umefungwa.

Mgogo_Halisi: Ilikuwa 2021, na mwaka huohuo wakalegeza. Tena ilikuwa nchi nzima kwa mkupuo, huyu anaulizia ekari nne. Wewe umeshika jembe lini, au unalima kwenye Excel?

Mtu_wa_Takwimu: Nimelima matikiti, hasara nimeila mwenyewe. Hunijui.

Bibi_Jembe: Matikiti tena! Pole mwanangu 😂

Mkulima_Mpole: Jamani, mahindi yangu...

Kibarua_Mstaafu: Kaka, huko panda mtama au uwele. Ukikomaa na mahindi, chimba mashimo ya Chololo, kama futi moja kwenda chini, tia samadi, maji yajikusanye humo. Mwaka juzi mvua ilikata mwezi wa pili. Mahindi yangu ya kwenye mashimo yalikuwa yanajikunja mchana, jioni yanafunguka. Ya jirani yalikauka yamesimama.

Mgogo_Halisi: Mashimo ekari nne atachimba nani?

Kibarua_Mstaafu: Mimi nilichimba nusu ekari. Mgongo haujapona.

Bibi_Jembe: Mgogo, huyo wa mkokoteni ana punda mmoja mwenye kilema? Maana mimi kaniuzia pumba.