Kasuku anatupa peleti, anataka alizeti tu. Nifanyeje?

MamaSwaleh, Tudor
Asalaam aleikum jamaa. Nina kasuku wa kijivu, yule wa mkia mwekundu, jina lake Mwinyi. Nimemrithi kwa ami yangu, Mungu amrehemu, pamoja na karatasi za KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), tundu lake na deko zake zote. Ami alikuwa hali peke yake. Akinywa chai na mahamri, Mwinyi naye yuko. Akitafuna njugu baada ya Isha, Mwinyi begani. Saa zilizobaki ni alizeti, tena huchagua: zilizojaa huzibangua, zilizosinyaa huzirusha sakafuni, mie nafagia.

Daktari kamshika kifua, akasema kanona lakini lishe hana: alizeti ina mafuta tele, kalsiamu na vitamini A ni kama hakuna. Akanitajia peleti, yaani chakula cha ndege kilichosagwa kikashindiliwa kuwa vipande vidogo. Nimeziagiza, na bei yake ningenunua samaki wa wiki. Bwana mkubwa akaishika moja kwa mguu, akaizungusha, akanitazama, akaitosa kwenye maji. Kila siku hivyo, bakuli la maji limekuwa uji. Halafu anasema "Leta chai!" kwa sauti ya ami vilevile, na mie nalegea.

Shoga yangu asema nimnyime vyote mpaka njaa imkomeshe. Jirani mwenye kuku asema peleti ni peleti, nimpe za kuku wa mayai. Nishike lipi?

DaktariMoro
Dada, usishike hata moja. Kasuku anaweza kufa njaa mbele ya bakuli lililojaa peleti, kwa sababu hajajua kwamba zile zinaliwa. Na chakula cha kuku wa mayai kina kalsiamu iliyopimwa kwa ndege anayetaga karibu kila siku. Kasuku kitamuumiza figo.

Kwanza tafuta mizani ya jikoni ya kidijitali. Mpime asubuhi kabla hajala, andika. Kasuku wa kijivu mzima huwa gramu 400 hadi 500 na ushei, ila wewe shika ule uzito wake wa siku ya kwanza. Akipungua kwa asilimia 10, rudisha chakula alichozoea na umpeleke kwa daktari. Tazama na kinyesi: kikiwa kidogo, cha kijani cha kuelekea weusi, huyo hali, hata kama bakuli limepungua. Kuponda si kula, na hapa wengi hudanganywa.

Alizeti usiziache tunduni kutwa. Mpe kidogo asubuhi na jioni, kisha ondoa. Katikati ya hapo weka peleti. Nyingine saga, unyunyize unga wake juu ya kitu chenye unyevu anachokipenda, kiazi lishe cha kuchemsha kwa mfano. Wiki zikienda, unga uongezeke, kiazi kipungue. Wengine huchukua miezi. Peleti zikifika nusu hadi robo tatu ya mlo inatosha, sehemu iliyobaki iwe mboga: sukuma wiki, karoti, boga. Mchicha kwa uchache, maana huishika kalsiamu isiingie mwilini. Parachichi, chokoleti na hiyo chai ya ami, marufuku. Njugu zikiwa na dalili yoyote ya ukungu tupa, hapo pana sumukuvu.

MwanaUjiji
Daktari kasema vizuri ila kasahau kwetu. Hawa ndege huko porini Kongo hula chikichi. Mimi wa kwangu nilimpakia peleti mawese kidogo, yale mekundu ya kukamuliwa nyumbani, siyo yaliyosafishwa yakapauka. Harufu tu ilimtoa pembeni. Na ule wekundu ndio mwili unaougeuza kuwa vitamini A. Tone tu lakini, nayo ni mafuta.

AbuuMaskati
Sisi huku ndege wanashinda ndani kwenye AC, tunahangaika na taa maalumu. Bila mionzi ya jua kalsiamu haimfai sana, na kioo cha dirisha huizuia. Wewe uko Mombasa, jua la bure: mtoe barazani asubuhi akiwa tunduni, upande mmoja uwe na kivuli.

Halafu ami yako alimfundisha mahamri kwa kula naye. Fanya vivyo hivyo. Weka peleti kwenye sahani yako, jifanye watafuna, sifia ladha, usimpe. Ataiba mwenyewe.

MamaSwaleh, Tudor
Abuu, nimesifia peleti mezani kwa sauti mpaka watoto wakauliza mama ana nini. Lakini kaiba! Ile yenye mawese kaivunja begani kwangu, nusu imeingia, nusu imebaki kwenye leso, na doa lile sidhani litatoka. Uzito haujashuka. Swali: anapenda pilipili mbuzi ajabu, akiniona naikata hupiga makelele. Niisage pamoja na unga wa peleti, au itamchoma?

DaktariMoro
Haimchomi, ndege hawausikii ukali wa pilipili kama sisi. Changanya. Chumvi na kitunguu visiguse hapo, na chochote chenye unyevu kiondoe baada ya saa moja au mbili, joto la kwenu hukichachua. Peleti zako ni za rangi au za kahawia? Kama ni za rangi, usishtuke siku kinyesi kikitoka chekundu.