Mteja anataka lebo ya Italia kwenye shati nililoshona mwenyewe Mwanjelwa

FundiKola:
Wakuu, poleni na baridi. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya, nashona mashati na suruali za kiume. Kwa kuwa kushona peke yake hakulipi, napunguza pia nguo za mitumba ziwakae watu.

Juzi kaja kaka mmoja, mtu wa ofisini, kakuta shati la mikono mirefu nimelitundika mlangoni. Kaligeuza ndani nje, kakagua mishono ya kwapani, kapitisha kidole kwenye kola, kasema, "Hili ndilo lenyewe. Limetoka wapi?" Nikamwonyesha cherehani. Uso ukabadilika. Bei ambayo alishaanza kuitolea pochi ghafla ikawa kubwa. Tukavutana, mwisho akaja na wazo lake: nitafute lebo ya Italia, nimshonee shingoni, atalipa bei yote bila kupunguza hata mia. Lebo zenyewe zipo, zinauzwa kwa pakiti kama vifungo.

Bado sijamjibu. Nauliza: hii ni kasumba ya mkoloni tu, au kuna kitu kingine? Jirani yangu wa duka anasema Wafilipino wametuzidi kwa ugonjwa huu. Wenye kuwajua waseme.

Mhehe wa Ipogolo:
Kamwene, fundi. Nimefanya kazi hotelini Doha, chumba kimoja na Mfilipino wa Baguio. Jamaa alikuwa na boksi kubwa chini ya kitanda analijaza taratibu: losheni, chokoleti, makopo ya nyama, sabuni za kung'arisha ngozi. Likijaa analituma kwao kwa meli. Nikamuuliza, sabuni ya papai si mnatengeneza wenyewe? Akacheka, akasema ikitoka nje mama yake anaiweka kabatini wageni waione.

Lakini huyohuyo ndiye aliyenieleza historia yao. Mhispania aliwashika tangu 1565, na mwaka 1898 akawaachia Wamarekani kwa dola milioni 20. Mwaka 1901 ikatia nanga meli iitwayo Thomas, imejaa walimu wa Kimarekani waliokuja kufundisha kwa Kiingereza. Kuanzia 1909 bidhaa za Marekani zikawa zinaingia bila ushuru. Sasa fikiria fundi viatu wa kwao: mtoto wa jirani darasani anasoma kitabu cha Marekani, dukani anakuta kiatu cha Marekani kisichotozwa ushuru. Atamuuzia nani? Wakapata uhuru Julai 4, 1946, na mwaka huohuo Marekani ikapitisha sheria ya biashara iliyotaka raia wake wapewe haki sawa na wenyeji kwenye madini, misitu na ardhi. Katiba ikabidi ibadilishwe 1947. Rais Garcia alipoleta sera ya Mfilipino Kwanza, 1958, watu walishazoea.

Kinachokuhusu wewe zaidi ni mitumba. Wana sheria tangu 1966 inayokataza kuingiza nguo za mtumba kwa biashara. Nenda Baguio, mji wa milimani wenye baridi kama Mbeya, uone zinavyouzwa mchana kweupe. Wanaziita ukay-ukay.

Na sisi tusijifanye. 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondoke hatua kwa hatua. Marekani ikaleta maneno ya AGOA, mpango wake wa kuruhusu bidhaa za Afrika ziingie kwao bila ushuru. Rwanda ikakaza shingo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru. Sisi tulishanywea zamani. Kwa hiyo kasumba ipo, ila kuna watu walikaa mezani wakaitengeneza, na wengine bado wanailinda.

Mama Sare:
Mhehe, historia nzuri, ila msimfiche fundi ukweli. Mimi niko Uyole, nina watoto wa shule. Nampenda fundi wa nyumbani, lakini mafundi mnatupiga kalenda! "Njoo Ijumaa." Ijumaa kitambaa hakijakatwa. Ukiipata, suruali ya mtoto inaachia kwenye msamba kabla muhula haujaisha. Mtumba naushika, naupima, naondoka nao leo. Hapo mkoloni anaingiaje?

Kaka Tunduma:
Fundi, hiyo lebo iache. Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Kuandika nguo imetoka Italia wakati imetoka Mwanjelwa ni kosa. Likija kukamatwa, kaka wa ofisini hatakujua.

FundiKola:
Nashukuru wote. Kaka Tunduma, umenimalizia, lebo siweki.

Mama Sare, nimekusikia, na mafundi wa namna hiyo ninawajua kwa majina. Lakini nikuulize. Ule mtumba unaoondoka nao leo, kesho unaupeleka wapi? Kwangu! Kiuno kikubwa, miguu mirefu kama imeshonewa mtu wa ligi ya kikapu, zipu imekufa, vifungo viwili havipo. Hakuna mteja aliyewahi kuniambia "Waitalia hawa wababaishaji". Wanasema "fundi, niwekee sawa". Nikifumua naona mambo: mshono wa ndani haujakunjwa, uzi umeunguzwa na pasi, kola imewekewa karatasi imejaa mapovu. Nairekebisha, anaivaa harusini, anasifiwa kwa nguo ya nje. Kifungo cha shati langu kikilegea ni mafundi wa Kitanzania wote tumekosa.

Ndiyo maana nakubaliana na Mhehe kuhusu ushuru na darasa, ila naongeza hili: mtumba una anayeufunika aibu, na anayefanya kazi hiyo ni mimi, kwa buku mbili.

Na sare, Mama, leta kitambaa mwezi wa kumi na moja. Ukija wiki ya kufungua shule, kalenda utapigwa, tena na mimi.