Shimo la mita 6 kwenye uhalisia pepe, lakini mtu haogopi. Kasoro iko wapi?

fundi_pikseli: Wakuu, naombeni msaada. Mandhari ni chumba chenye shimo la mita 6 katikati, na ubao wa kuvukia. Vivuli, vioo, tekscha (picha zinazofunika nyuso za vitu) kali, vyote vimo. Anayejaribu anavuka bila wasiwasi, halafu anasema "ni kama kutazama sinema". Skrini ya miwani ni 90 Hz (picha 90 kwa sekunde), programu inatoa fremu, yaani picha, 50 hadi 60 kwa sekunde. Niongeze ubora wa michoro?

darubini: Usiongeze, punguza. Skrini ya 90 Hz inadai fremu mpya kila milisekunde 11. Zinazokosekana hujazwa kwa kurudia picha iliyopita au kuikisia, na kichwa kikigeuka dunia nzima inatetema. Tangu kichwa kisogee mpaka picha mpya ionekane, lenga chini ya milisekunde 20. Anza kwa kuondoa vioo na vitu vinavyopitisha mwanga. Vivuli vya vitu visivyosogea vihesabu mapema, uvihifadhi ndani ya tekscha.

Kagua vipimo pia. Kizio 1 ndani ya programu kiwe mita 1 halisi, na sakafu ya programu ikae sawa na sakafu halisi. Kamera mbili za macho zikiachana kupita umbali wa mboni za mtumiaji (kwa watu wazima wastani ni kama mm 63), dunia inaonekana ya kuchezea watoto, na shimo lako linakuwa karai.

akili_na_mwili: Naongezea. Mel Slater, mtafiti wa uhalisia pepe, mwaka 2009 alitenganisha mambo mawili: kuhisi uko mahali pale, na kuamini kinachotokea pale. La kwanza hutokana na mwili: ukiinama uone chini ya ubao, ukichungulia ukuta uusogelee kweli. Michoro mikali haiwezi kuziba pengo hilo.

Laza pia ubao halisi chini, ulingane na wa kwenye picha. Katika majaribio ya shimo kama lako yaliyochapishwa mwaka 2002 na watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, Marekani, ukingo wa mbao wa takriban sentimita 4 tu ulipandisha mapigo ya moyo zaidi. Vidole vya miguu vikigusa ukingo, ubongo unamalizia wenyewe.

Ukipima mapigo, chukua kwanza ya mtu *anayetembea* katika chumba kisicho na shimo, maana kutembea kwenyewe kunayapandisha. Na mara ya kwanza ndiyo yenye nguvu. Akirudia, hofu inapungua.

fundi_pikseli: Asanteni sana. Nilisahau kusema: anavuka kwa kusukuma kijiti cha mkononi, amesimama palepale.

darubini: Aa mkuu, ungeanza na hilo! Macho yanasema anasonga, sikio la ndani linasema ametulia. Hapo utapata kichefuchefu kabla ya hofu. Avuke kwa miguu yake. Kama nafasi ni ndogo, fupisha ubao hata uwe mita 2, na mstari wa onyo la mpaka (unaotokea kwenye miwani mtu akikaribia mwisho wa nafasi) usitokee akiwa katikati. Waya wa miwani ukimvuta shingo, mchezo umekwisha.