Eti baraza langu linachafua mtaa WAKE!

Wakuu, nimetukanwa sasa hivi, kikombe cha chai bado kiko mkononi. Mnamjua. Yule wa ghorofa la vioo vya bluu hapa Kariakoo. Kapita na wapambe wake, hata shikamoo hakuna, kaninyooshea kidole: "Mzee, hilo baraza linachafua mandhari ya mtaa wangu."

MTAA WAKE! Babu kakaa baraza hili, baba kakaa, kitovu changu kimezikwa uwani. Yeye hata paka wa hapa hawajamzoea.

Zamani nyumba zote humu: korido katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, uwani nyuma, baraza mbele. Kila mtu alijenga yake kwa hela yake, lakini ukipita unaitikia salamu mpaka koo linakauka. Sasa palipokuwa na baraza pana geti la chuma. Nilisalimie geti? Na hivyo vioo, ikifika saa nne jua linagonga kule linarudi kwangu, mke wangu anakaanga dagaa bila mkaa. Msanifu majengo Beda Amuli alituchorea soko la Kariakoo lenye miavuli ya zege, maji ya mvua yanakingwa. Huyu kachora nini? Jiko la kuokea majirani.

Hata shikamoo! "Mtaa wangu." Leo silali.

Kobe wa Gerezani: Mzee uza kiwanja uhamie Chanika, ukae barazani mpaka uote mizizi.

Dada Mchikichi: Wako katukana tu akapita. Wangu kaweka jenereta chini ya dirisha langu, kila usiku naota niko kwenye boti ya Zanzibar.

Mpenda Ubishi: Kitovu kitu gani? Jina lenyewe Kariakoo limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza. Na wao waje wadai mtaa wao?

Mleta uzi: Mpagazi gani aliniita uchafu? MTAA WAKE, ndugu yangu!

Fundi Nondo: Ila mkuu hilo baraza nalijua, lina ufa. Niite nikupigie plasta, bei ya kishkaji.

Dada Mchikichi: Fundi Nondo! Si wewe uliyenijengea choo kikalala upande? Saruji yangu iko wapi?

Fundi Nondo: Dada njoo inboksi tuyamalize.

Kobe wa Gerezani: Hapana, yamalizeni hapahapa. Mifuko mingapi, dada?