Siku moja Seoul: Gyeongbokgung au Changdeokgung?

Mwana wa Ilala:
Wakuu, salaam. Mwezi ujao nakwenda Korea Kusini kikazi, mke wangu ataungana nami mwishoni, na kabla ya kurudi tutakuwa na siku moja huru hapo Seoul. Tunataka kuona kasri moja tulishibe, si kuzunguka mji mzima tukipiga picha mbio mbio. Majina yanayotajwa sana ni Gyeongbokgung na Changdeokgung. Mliofika, twende wapi? Naambiwa tiketi nyingine hukatwa mapema, kwa hiyo nataka niamue wiki hii.

BintiPangani:
Siku gani ya wiki, kaka? Gyeongbokgung hufungwa Jumanne, Changdeokgung hufungwa Jumatatu. Bila kutaja siku tutakushauri hewani. Na mnafikia upande gani wa mji?

Mchaga wa Marangu:
Gyeongbokgung, usibabaike. Ndilo kasri kuu, lilijengwa 1395, muda mfupi baada ya Yi Seong-gye kuanzisha ufalme wa Joseon. Enzi za Mfalme Sejong herufi za Kikorea zilibuniwa humo. Saa nne asubuhi na saa nane mchana walinzi wanabadilishana zamu mbele ya lango la Gwanghwamun, ngoma zinalia, bendera zimesimama. Mkivaa hanbok, vazi la jadi la Kikorea, hamlipi kiingilio, na maduka ya kukodisha yamejaa jirani. Mama atafurahi.

Nahodha Mstaafu:
Mchaga, malizia habari. Kasri hilo la 1395 liliteketea 1592 Wajapani walipovamia, likabaki magofu zaidi ya miaka 270. Lilijengwa upya 1867, kisha wakoloni wa Kijapani wakabomoa sehemu kubwa tena. Mengi utakayoyaona pale ni ya juzi juzi. Sehemu kubwa ya miaka hiyo wafalme walikuwa Changdeokgung. Nenda huko, na usiiache bustani ya nyuma, Huwon. Kuna bwawa la mraba lenye kisiwa cha duara katikati, na ukingoni kibanda cha Buyongjeong kimeteremsha nguzo mbili ndani ya maji. Juu yake mlimani ndipo ilipokuwa maktaba ya mfalme tangu 1776. Majengo yamefuata mgongo wa mlima, hakuna aliyeusawazisha. UNESCO waliliingiza kwenye orodha yao 1997 kwa sababu hiyo.

Mchaga wa Marangu:
Changdeokgung nalo liliungua 1592 hiyo hiyo, mzee wangu. Na ukumbi wake wa kiti cha enzi ni wa 1804, baada ya moto mwingine. Yote mawili yamejengwa upya, tofauti ni tarehe tu.

BintiPangani:
Mimi nitasema moja: popote mtakapokwenda, nendeni wenyewe. Nilipokuwa huko nililipia ziara ya siku nzima ya basi, kampuni siitaji. Walitupitia hotelini asubuhi, tukashushwa Gyeongbokgung, mwongozaji akanyanyua kibendera chake akaanza kukimbia. Tulifika mbele ya ukumbi wa Geunjeongjeon, nikawa naziangalia zile nguzo fupi za mawe uani zilizochorwa vyeo vya maofisa, kila mmoja alijua pa kusimama mbele ya mfalme. Nikauliza swali, naambiwa basi linaondoka! Nyuma kule, nyumba ambamo Malkia Min aliuawa 1895, hatukufika kabisa. Tukapelekwa duka la ginseng, tukafungiwa chumbani kusikiliza mhadhara juu ya mzizi mmoja, na kila mtu akawekewa chupa mezani kama vile ameshaiagiza. Tukatoka hapo, duka la vito vya zambarau. Muuzaji alinifuata hatua kwa hatua hadi mlangoni. Madukani tulikaa muda mrefu kuliko kwenye kasri, na nilipodai nirudishiwe fedha hakuna aliyenijibu hadi leo. Bado nina uchungu, maana nauli ya kwenda kule siyo ya kila mwaka.

Mwana wa Ilala:
Pole sana dada. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Siku yenyewe ni Jumanne. Ndege ni usiku, hoteli iko Dongdaemun. Tunaswali, kwa hiyo chakula nacho ni jambo la kuangalia.

Nahodha Mstaafu:
Jumanne! Basi Changdeokgung. Panda treni ya chini ya ardhi, laini namba 4, badilisha kituo cha Chungmuro uchukue namba 3, shuka Anguk. Tiketi ya Huwon ni tofauti na ya kasri, na huingii bila kundi na mwongozaji wa hapo hapo. Mtandaoni hufunguliwa siku 6 kabla, kwa hiyo wiki hii huwezi kununua chochote. Chagua kundi la Kiingereza. Kwa swala na chakula, nendeni mtaa wa Itaewon, msikiti uko pale tangu 1976 na migahawa ya halali imeuzunguka.

Mwana wa Ilala:
Shukrani mzee. Ila mama watoto ameshaiona hanbok kwenye picha za Gwanghwamun, sasa anauliza kama ndege inaweza kusogezwa Jumatano. Nimewaandikia wakala, sijajibiwa.

Mchaga wa Marangu:
Isogeze! Na hata ikishindikana, lango la Gwanghwamun liko barabarani, mpite mlione. Nyuma yake Wajapani walijenga makao makuu ya serikali yao ya kikoloni, yakakamilika 1926, yakaliziba kasri lote. Wakorea walianza kuyabomoa Agosti 15, 1995, miaka 50 kamili tangu ukombozi. Lango lenyewe likarudishwa mahali pake kwa mbao 2010.

Mwalimu Tabora:
Na hapo ndipo ninapopingana nao. Jengo lile lilikuwa Makumbusho ya Taifa. Ushahidi wa dhuluma huwekwa watoto wauone. Maboma ya Wajerumani kwetu yamebaki na tunafundishia.

Mchaga wa Marangu:
Mwalimu, boma lipi letu lilijengwa juu ya ua wa mfalme kwa kusudi la kumfunika? Usifananishe.

BintiPangani:
Mkifika Dongdaemun tembeeni kijito cha Cheonggyecheon jioni, kiko hapo hapo. Kilikuwa kimefunikwa zege na barabara ya juu, wakaing'oa kuanzia 2003, maji yakafunguliwa 2005. Naliwazia bonde la Msimbazi kila nikikikumbuka.

Mwalimu Tabora:
Dada, waulize na wachuuzi. Walioondolewa kando ya kijito walipelekwa uwanja wa michezo wa Dongdaemun. Uwanja nao ukavunjwa, pakajengwa lile jumba lililobuniwa na msanifu majengo Zaha Hadid, lililofunguliwa 2014, wakahamishwa tena.

Nahodha Mstaafu:
Lakini walipovunja uwanja ndipo ukapatikana ukuta wa kale wa mji na mlango wake wa maji, na umeachwa wazi watu wauone.

Mwalimu Tabora:
Ukuta umepewa nafasi, mchuuzi hakupewa. Kariakoo ikijengwa upya mtaona nilichokuwa nasema.